Pampu ya Maji Taka Haizibi kwa Siku Moja

Fundi anaposhika mnyororo na kuivuta pampu ya maji taka kutoka shimoni, kitu cha kwanza kuonekana mara nyingi si chuma, ni mkia. Ni mkia mweusi, mzito, unaochuruzika maji, uliosokotwa kama kamba ya katani. Ukiusuuza kwa mpira wa maji ndipo unaona umetengenezwa na nini: waipsi za mtoto, uzi wa mopu, rasta za saluni, kipande cha sodo, na mafuta ya kupikia yaliyogandisha vyote hivyo pamoja. Hakuna mtu mmoja aliyeutupa mkia huo. Uliletwa uzi mmoja mmoja kutoka vyoo vingi kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo zote pampu ilikuwa ikionyesha kwamba imeanza kulemewa.

Makala haya ni ya kukusaidia kuzitambua ishara hizo mapema. Ni ya mwenye ploti, keateka, msimamizi wa hoteli, shule au hospitali, na pia ya mpangaji, kwa sababu mpangaji ndiye anayeshika kitufe cha choo.

Kwa nini jambo hili ni letu Nakuru

Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, imelala kwenye mteremko kati ya kreta ya Menengai upande wa kaskazini na Ziwa Nakuru upande wa kusini. Mteremko huo ni neema. Maji taka mengi yanayoingia kwenye sewa hutiririka yenyewe hadi kwenye mitambo miwili ya kusafishia, wa Njoro na wa Old Town, iliyo chini ya NAWASSCO, kampuni ya maji na usafi ya Nakuru. Pampu huhitajika pale mteremko unapokataa kusaidia: kwenye vyoo vilivyo chini ya ardhi katika majengo ya katikati ya mji, kwenye ploti zilizo chini kuliko sewa ya barabarani, na katika hoteli, shule za bweni na mashamba makubwa hadi Naivasha.

Mteremko huohuo ndio unaotulazimu kuwa waangalifu. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia, na maji huondoka hasa kwa kuvukizwa na jua. Uchafu unaofika ziwani hauna njia ya kuendelea mbele. Ziwa hili lilikuwa la kwanza nchini Kenya kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu, mwaka 1990, na tangu 2011 ni Urithi wa Dunia pamoja na Bogoria na Elementaita. Mitaro ya maji ya mvua mjini nayo huteremkia hukohuko. Pampu ya ploti ikishindwa usiku na maji taka yakamwagika mtaroni, hakuna haja ya kuuliza yameelekea wapi.

Kuna jambo la pili. Maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda kwa zaidi ya mwongo mmoja. Wakazi wa Mwariki na Barut upande wa Nakuru, na wa Kihoto upande wa Naivasha, wameona maji yakiingia nyumbani na vyoo vikizama. Maji ya ardhini yakipanda, hupenya kwenye nyufa za shimo la pampu na kuiongezea kazi ambayo haikupangiwa.

Pampu hii hufanyaje kazi

Maji taka ya jengo hukusanyika katika shimo la zege. Ndani yake, chini kabisa, imekaa pampu iliyozama, mota yake ikiwa imefungwa kabisa isiingie maji. Boya moja huiwasha maji yakifika juu, na jingine huizima yakishuka. Boya la tatu, likiwepo, hupiga king'ora maji yakipita kiwango cha hatari.

Mota huzungusha impela, ile feni ya chuma inayosukuma maji kwenye bomba la kupandisha. Juu ya pampu kuna valvu ya kuzuia maji yasirudi shimoni. Maji yanayoizunguka pampu ndiyo pia yanayoipoza. Kwa hiyo, pampu inayozunguka kwa muda mrefu huku shimo likiwa karibu kavu inajipika yenyewe.

Kuna impela za namna tatu utakazozikuta madukani. Ya kwanza ina njia pana ya kupitisha vipande vigumu. Ya pili hukaa nyuma kidogo na kuyavuta maji kwa mzunguko, hivyo uchafu mwingi hupita bila kuigusa. Ya tatu ina visu vya kusaga uchafu kabla ya kuusukuma kwenye bomba jembamba. Hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya nguo.

Kinachoziba

Kinyesi na karatasi laini ya choo si tatizo kwa pampu iliyochaguliwa vizuri. Karatasi hiyo hulowa ikavunjika vipande vipande. Adui ni nyuzi, kwa kuwa nyuzi hazivunjiki, hutafutana na kujisokota.

Waipsi zinaongoza, hata zile zilizoandikwa kwenye pakiti kwamba zinaweza kutupwa chooni. Nyingi zina nyuzi za plastiki ndani yake. Zikikutana na mafuta, matokeo hujulikana dunia nzima: Septemba 2017, wafanyakazi wa maji taka huko Whitechapel, London, walikuta bonge la mafuta na waipsi lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 likiwa limeziba sewa. Shimo la ploti halihitaji bonge kubwa namna hiyo. Waipsi chache zikishajifunga kwenye impela, kila uzi unaofuata hupata pa kushika.

Baada ya waipsi huja sodo na nepi, ambazo hufura zikinyonya maji. Kisha rasta na nywele bandia. Jengo lenye saluni chini na vyumba juu linahitaji uangalizi wa pekee, kwani nywele hizo hujifunga kwenye shafti na kuanza kula sili inayozuia maji yasiingie kwenye mota.

Mafuta ya chipsi na nyama huteremka yakiwa moto na laini, lakini usiku wa Nakuru ni baridi. Yakifika shimoni huganda, yakafanya tabaka juu ya maji na kuyashika maboya. Boya lililogandamana na ukuta haliwezi kuwasha wala kuzima kitu.

Udongo wetu nao una yake. Ni udongo wa majivu na mawe mepesi ya volkano. Mvua ikinyesha, mtu akifungua mfuniko wa sewa ili uwanja wake ukauke, au akielekeza gata la paa kwenye chemba ya maji taka, mchanga wote huo huishia kwenye pampu. Hukwaruza impela kama msasa na kutuama sakafuni.

Mwisho kuna mazoea yanayotokana na uhaba. Maji yakikatika, watu humwagia choo maji kwa kopo dogo, na wasio na karatasi laini hutumia gazeti. Uchafu mzito bila maji ya kutosha hutuama njiani, kisha huja wote kwa pamoja maji yakirudi. Stima ikipotea kwa saa nyingi, mambo huwa yaleyale: uchafu hutuama chini, mafuta huganda juu, na stima ikirudi pampu huamka katikati ya tope.

Dalili za kuangalia

1. Pampu inachukua muda mrefu kuliko zamani kushusha maji. Hii ndiyo dalili ya mapema kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi kwa sababu maji bado yanashuka.

2. Ampea zimebadilika. Kibati cha pampu huonyesha ampea zake za kawaida. Zikipanda, huenda kuna kitu kimejifunga kwenye impela na mota inahangaika. Zikishuka sana, huenda mdomo wa pampu au bomba limeziba na pampu inazunguka bila kusukuma maji ya kutosha. Watu wengi huogopa ampea zikipanda tu, ilhali zikishuka nazo ni habari mbaya.

3. Brekia inakatika. Ikikatika mara moja, chunguza. Usiirudishe mara tatu, nne, ukitumaini itashika, kwa maana kila unapoirudisha unaipasha moto mota iliyokwama, na hapo ndipo gharama ya kusafisha inapogeuka kuwa ya kununua pampu mpya.

4. Sauti mpya. Mtetemo humaanisha kitu kimekaa upande mmoja wa impela. Mgongano wa kokokoko ni jiwe au kipande kigumu. Mvumo bila mzunguko ni impela iliyokwama au, kwa pampu ya fezi moja, kapasita iliyokufa.

5. Pampu inazimika, kisha inawaka tena baada ya muda mfupi bila mtu kutumia maji. Valvu imeshikiliwa wazi na kitambaa, na maji yaliyopanda yanarudi shimoni.

6. Choo cha chini kabisa kinabubujika au kinameza polepole, na tundu la kutolea maji bafuni linatoa harufu. Hapa maji yameshaanza kurudi nyuma, na muda wa kujipanga umebaki saa chache.

7. Pampu inafanya kazi saa tisa usiku watu wote wakiwa wamelala. Kama valvu ni nzima, basi kuna maji yanayoingia kutoka nje: gata, tangi la choo linalovuja, au maji ya ardhini. Huku si kuziba, lakini huichosha pampu na kuiandaa kuziba.

Kama pampu ni ya fezi tatu, ongeza swali moja kila baada ya matengenezo ya umeme: je, inazunguka upande wake? Fezi mbili zikibadilishana nafasi, pampu huzunguka kinyume. Itavuma na itasukuma maji kiasi, lakini kwa udhaifu, na uchafu utaanza kujikusanya. Mshale kwenye mwili wa pampu ndio unaoonyesha upande sahihi.

Kipimo cha saa na rula

Huhitaji mtambo wa bei ghali kujua hali ya pampu yako. Unahitaji saa ya simu na ufito wenye alama za sentimita. Chagua wakati ambao watu hawatumii maji sana, ngoja pampu iwake, kisha pima inachukua muda gani kushusha maji kwa kiwango fulani.

Chukua mfano wa shimo la mraba lenye upana wa mita 1.5 kila upande. Maji yakishuka sentimita 40, zimetoka lita 900. Kama pampu ilipokuwa mpya ilifanya kazi hiyo kwa dakika 3, ilikuwa inasukuma lita 300 kwa dakika. Kama leo inachukua dakika 5, inasukuma lita 180 tu. Asilimia 40 ya nguvu imepotea, na hakuna mpangaji aliyelalamika bado.

Kupungua huko kuna madhara mengine yasiyoonekana. Ili mchanga na uchafu usituame kwenye bomba la kupandisha, maji yanapaswa kukimbia angalau mita 0.7 kwa sekunde. Katika bomba la milimita 80, lita 300 kwa dakika hukimbia karibu mita 1 kwa sekunde, hivyo bomba hujisafisha lenyewe. Lita 180 hukimbia mita 0.6, na uchafu huanza kulala ndani. Ndipo ugonjwa wa pampu unapoambukiza bomba. Ndiyo sababu pia bomba pana kupita kiasi si msaada: lita zilezile 300 katika bomba la milimita 150 hutambaa chini ya mita 0.3 kwa sekunde.

Andika kipimo cha kwanza, pamoja na tarehe na ampea, ndani ya mlango wa sanduku la umeme la pampu. Muda ukizidi kwa robo ya ule wa mwanzo, usingoje dalili nyingine. Mwite fundi.

Ikishaziba

Waombe watu wote waache kutumia maji. Kila ndoo inayomwagwa sasa inarudi kwenye choo cha jirani wa chini.

Zima swichi kuu ya pampu, ifunge kwa kufuli na uandike kibao kwamba kuna mtu anafanya kazi. Usitegemee boya au kitufe cha mbele, kwa sababu pampu inayojiwasha yenyewe inaweza kukata vidole.

Usiingie shimoni. Narudia kwa kuwa jambo hili huua. Maji taka hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza, na ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo kutoisikia harufu si ushahidi wa usalama. Hutoa pia methani inayoweza kuwaka, hivyo usiwashe sigara wala kiberiti. Aliyeanguka shimoni mara nyingi hufuatwa na anayemkimbilia kumwokoa, nao wote wawili wakapotea. Kazi ya kuingia sehemu kama hizo ina masharti yake katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007: hewa kupimwa, mshipi na kamba, na mtu wa kusimama juu. Asiye na vifaa hivyo hana ruhusa ya kuingia, hata akiwa fundi wa miaka ishirini.

Ivute pampu kwa mnyororo, kamwe usiivute kwa waya wa umeme. Ioshe, kisha toa uchafu kwenye impela kwa koleo huku umevaa glavu nzito, kwani ndani mnaweza kuwa na sindano au wembe. Izungushe impela kwa mkono: inapaswa kwenda kwa ulaini. Fungua pia valvu uitazame, maana kusafisha pampu na kuiacha valvu ni kufanya nusu ya kazi. Ukishairudisha, pima ampea na muda, uandike.

Shimo likiwa limejaa, ita lori la kunyonya maji taka lenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na uhakikishe linapeleka mzigo kwenye mtambo wa kusafishia. Kuyamwaga maji hayo kwenye mtaro wa mvua ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 1999, na ni kumpelekea mtu mwingine ugonjwa. Sewa ya barabarani ikiwa ndiyo inayofurika, ripoti kwa kampuni ya maji ya eneo lako, usiizibue mwenyewe.

Kinga huanzia chooni

Weka ndoo yenye mfuniko katika kila choo na kila bafu, na panga siku ya kuimwaga. Watu hutupa sodo chooni pale wanapokosa mahali pa heshima pa kuiweka. Bango la kukataza bila ndoo ni kelele tu.

Hoteli na majiko ya shule yawe na mtego wa mafuta, nao usafishwe kabla haujajaa. Mtego uliojaa hupitisha mafuta kana kwamba haupo. Saluni iweke kichujio kwenye kila sinki. Magata ya paa yaelekezwe kwenye tangi la kuvuna maji, maana mji wenye mgao wa maji hauna sababu ya kuzamisha mvua kwenye sewa.

Shimoni, weka kikapu cha kunasa uchafu pale maji yanapoingilia. Sakafu iwe na mteremko kuelekea kwenye pampu ili uchafu usilale pembeni. Pampu ikae kwenye reli za kuishushia, ili ivutwe bila mtu kuingia. Jengo lenye watu wengi liwe na pampu mbili zinazopokezana, na king'ora kinachosikika hadi kwa keateka.

Unaponunua, usikubali pampu ya kisima au ya maji safi eti kwa kuwa nayo huzama. Uliza inapitisha kipande cha ukubwa gani. Kwa jengo la kawaida lisilotumia pampu ya visu, nafasi ya milimita 50 ni ya chini, na 65 hadi 80 ni bora.

Ratiba ya kubandika ukutani

- Kila siku: sikiliza pampu, tazama taa za sanduku la umeme.
- Kila wiki: safisha kikapu, yasogeze maboya kwa ufito mrefu uone kama yanacheza.
- Kila mwezi: pima muda na ampea, ondoa tabaka la mafuta, jaribu king'ora.
- Kila miezi sita, hasa kabla ya mvua ya masika mwezi Machi: nyonya tope la chini, vuta pampu, kagua impela na valvu.
- Kila mwaka: fundi akague mafuta ya ndani ya pampu. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yamepenya kwenye sili, na mota ndiyo inayofuata. Apime pia hali ya nyaya za mota.

Katiba ya mwaka 2010 inatupa haki ya mazingira safi katika Kifungu cha 42, na ya usafi wa kiwango kinachofaa katika Kifungu cha 43. Nakuru imeonyesha kwamba hata kinyesi kinaweza kuwa mali: NAWASSCO imeanzisha utengenezaji wa makaa ya kupikia kutokana na tope la vyoo. Tope hilo halina nafasi ya waipsi na nepi. Kila kitambaa kilichoachwa kwenye ndoo badala ya chooni kinaiokoa pampu yako, na kinairahisisha kazi ya kila mkono unaofuata.

Wiki hii fanya mambo mawili. Nunua ndoo zenye mfuniko, na upime muda wa pampu yako, kisha uuandike ndani ya mlango wa sanduku la umeme. Mwezi ujao utakuwa na namba mbili za kulinganisha, na utauona ule mkia mweusi ungali uzi mmoja.